Meno ya kuvaa na kuvua: maswali kuhusu meno ya asili yanayoyabeba

Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara ya meno hapa Dodoma, wa plasta, nta na mashine ya kung'arishia, na watu wakija kuulizia meno yao mara nyingi hunikuta mimi. Haya ndiyo wanayorudia kuuliza, awe ametoka Chang'ombe, Bahi au Kondoa. Majibu ni kwa mtu ambaye bado ana meno yake kadhaa. Asiye na jino hata moja, habari yake ni nyingine.

## Mwanzo kabisa

1. Meno ya kuvaa na kuvua ni yapi hasa?

Ni kipande chenye meno ya bandia juu ya msingi wa plastiki wa rangi ya ufizi, ambacho wewe mwenyewe unakiweka kinywani na kukitoa. Vingine ni plastiki tupu yenye waya mbili tatu, vingine vina fremu ya chuma ndani. Tofauti na hayo, daraja hugandishwa kwa simenti juu ya meno ya jirani na hulitoi. Kuna pia skrubu ya titani inayopandwa ndani ya mfupa. Ukurasa huu ni wa kile unachokiosha mkononi.

2. Nimekuja kwa ajili ya mapengo. Kwa nini daktari anahangaika na meno yaliyobaki?

Kwa sababu mapengo hayabebi kitu. Watu huingia wakihesabu: "nimepungukiwa matano." Daktari anahesabu upande wa pili, yaani yamebaki yapi, yamekaa wapi, mizizi yake ina mfupa kiasi gani, na yapi yanatikisika. Watu wawili waliopungukiwa meno matano kila mmoja wanaweza kutoka na vipande visivyofanana kabisa, kimoja kikatulia miaka na kingine kikasumbua tangu wiki ya kwanza.

Ndiyo maana utapigwa picha ya eksirei hata kama hakuna kinachouma. Ndiyo maana pia utaambiwa uondolewe ugaga na uzibwe matundu kabla ya kupimwa. Wengi huona wanacheleweshwa. Ukishaona kipande kizuri kimekaa juu ya jino lililooza chini kwa chini, huulizi tena.

3. Si waya ndio unaobeba meno?

Hapana, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ninayoyasikia. Waya, au kishikio, kazi yake ni kuzuia kipande kisitoke unapofungua mdomo au unapotafuna kitu cha kunata. Jino lina tumbo na lina kiuno: limejaa katikati, kisha linabonyea kuelekea kwenye ufizi. Ncha ya kishikio huingia pale kiunoni kidogo tu, kama robo milimita kwa chuma cha kumimina na kama nusu milimita kwa waya wa kukunja. Ukivuta, ncha inapanuka ili kupita tumbo, na huo ukinzani ndio unaokishika kipande.

Anayebeba ni kikalio. Ni kijulimi kifupi cha chuma kinachotoka kwenye fremu na kukaa juu ya gego, ndani ya kishimo kidogo alichokichonga daktari. Ukiuma, uzito unatoka kwenye jino la bandia, unapita kwenye fremu, unafika kwenye kikalio, unashuka kwenye mzizi wa jino lako na kuingia kwenye mfupa. Pasipo kikalio, kila tonge la ugali linakisukuma kipande kiingie ufizini. Vishikio navyo vinateremka, vinaanza kukata ufizi shingoni mwa jino, na mtu anaamini "waya umenikataa".

Jino halikusimikwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Linaning'inia kwa nyuzi nyingi fupi zilizotanda kati ya mzizi na mfupa. Nyuzi hizo huvumilia sana mgandamizo wa juu kwenda chini, ila msukumo wa ubavuni huzichosha upesi. Mwenye zizi anajua: nguzo ukiigonga kichwani inazidi kukaza, ukiitikisa huku na huku inang'oka. Ndiyo sababu sakafu ya kishimo cha kikalio huinamishwa kuelekea katikati ya jino, ili mzigo ushuke na mzizi badala ya kuteleza kando.

## Jino na ufizi havilingani

4. Meno ya jirani yangu yametulia kabisa, yangu yanacheza. Nimetengenezewa vibaya?

Huenda, lakini kwanza tuangalie pengo liko wapi.

Fikiria machela. Ikibebwa mbele na nyuma, mgonjwa anatulia. Ikibebwa mbele tu na nyuma ikaburuzwa kwenye mchanga, kila hatua ni mtikisiko, na aliyeshika mbele ndiye anayeumia mabega. Pengo lenye meno mbele na nyuma yake ni machela ya watu wawili: mzigo wote unabebwa na meno. Pengo la magego ya mwisho, ambalo nyuma yake hakuna jino tena, ni machela ya mtu mmoja. Mbele kuna jino, nyuma kuna ufizi.

Na ufizi si jino. Jino lenye afya likigandamizwa hushuka chini ya robo milimita. Ufizi unaweza kubonyea milimita 1 hadi 2, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo unapouma, nyuma panazama, mbele panagoma, na kipande kizima kinageuka mtaimbo juu ya jino la mwisho. Kucheza huko kidogo hakukwepeki. Kuzidi ndiko kunakotibika.

Mwaka 1925 daktari wa meno wa Marekani, Edward Kennedy, aliyapanga mapengo haya katika madaraja manne, na hadi leo ndiyo lugha tunayoandikiana kwenye fomu ya maabara. La kwanza ni kukosa magego ya nyuma pande zote mbili, la pili ni upande mmoja, la tatu ni pengo la upande lenye meno mbele na nyuma, na la nne ni pengo moja la mbele linalovuka katikati ya kinywa. Ukiona fomu yako imeandikwa "daraja la 3", furahi.

5. Nimekosa magego ya nyuma pande zote. Basi nimekwisha?

Hujakwisha, ila kazi inakuwa ya ufundi zaidi. Kwanza, msingi wa plastiki hutandazwa kadiri kinywa kinavyoruhusu ili ufizi mwingi ugawane mzigo. Mtu akiona kipande cha chini kimekwenda nyuma sana huniomba nipunguze, nami humrudisha kwa daktari, maana ule upana ndio unaozuia kuumia. Mguu mtupu unazama mchangani kuliko ubao, mchanga ni uleule.

Pili, kikalio kwenye jino la mwisho huwekwa upande wake wa mbele badala ya upande unaopakana na pengo, na kishikio hupangwa ili nyuma pakizama chenyewe kiachie badala ya kulivuta jino. Tatu, huongezwa vikalio vingine mbele zaidi, mara nyingi kwenye chonge au gego dogo, ili nyuma pasinyanyuke unapokula vitu vya kunata. Meno ya bandia ya nyuma pia hupunguzwa idadi au upana. Mtu hudai apewe yote aliyopoteza, "nimelipia kamili". Tafunio jembamba linasukuma ufizi kwa nguvu ndogo, basi.

Halafu kuna kubandika upya kwa ndani, ambako nitakueleza kwenye swali la 17.

6. Jino gani linafaa kuwa nguzo, yaani la kubeba kipande?

Lenye mfupa wa kutosha kuzunguka mzizi, lisilotikisika, lisilo na uozo, na lenye umbo linaloweza kushikwa. Chonge ni nguzo nzuri kwa sababu mzizi wake ni mrefu. Magego ya mizizi miwili au mitatu iliyoachana ni mazuri pia. Meno madogo ya mbele ya chini ni dhaifu kwa kazi hii: mizizi yake ni myembamba, na kishimo cha kikalio hakipati pa kukaa.

Jino lililotibiwa mzizi linaweza kuwa nguzo, hasa likivikwa kofia, yaani ganda la bandia linalolifunika lote. Jino kubwa lililozibwa nusu nzima na halina kofia, mimi binafsi naliogopa.

7. Nimebakiwa na meno mawili tu. Yang'olewe tuanze upya?

Usikimbilie. Hasa kama ni chini. Taya la chini halina paa la kinywa la kusaidia kunyonya, na ulimi hausimami, kwa hiyo kipande kamili cha chini husumbua wengi. Meno mawili imara, hasa chonge mbili, yanaweza kubadilisha maisha yote ya mlo. Wakati mwingine daktari huyakata hadi usawa wa ufizi baada ya kutibu mizizi, na kipande kikakaa juu ya mizizi hiyo. Mfupa unaozunguka mzizi uliobaki haupungui haraka kama pale palipong'olewa.

8. Kwa nini mnachonga jino langu zima lisilo na ugonjwa?

Kikalio cha chuma kinahitaji unene wa kama milimita 1 ili kisivunjike. Kisipochongewa nafasi, utakuwa unakiuma chenyewe kila ukifunga mdomo, na meno mengine hayatakutana. Kishimo huwa na kina cha milimita 1 hadi 1.5 na hubaki ndani ya gamba gumu la jino, kwa hiyo kwa kawaida hakihitaji ganzi. Kinachoozesha si kishimo, ni chakula kinachoachwa chini ya kikalio.

## Plastiki au chuma

9. Tofauti ni bei tu?

Bei ni tofauti, na kwa watu wengi ndiyo inayoamua. Sitamlaumu mtu kwa hilo. Lakini ujue unachonunua.

Fremu ya chuma, kwa kawaida mchanganyiko wa kobalti na kromi, ni nyembamba na haipindi, kwa hiyo inaweza kuwa na vikalio vya kweli. Mzigo unakwenda kwenye meno. Paa la kinywa linaweza kuachwa wazi sehemu kubwa, na chini hupita upau mwembamba nyuma ya meno ya mbele, mradi kuna nafasi ya kama milimita 7 kati ya ufizi na sakafu ya kinywa.

Kipande cha plastiki tupu mara nyingi hakina kikalio. Kimelala juu ya ufizi. Kinafaa kwa jino moja au mawili ya mbele, kwa muda wa kusubiri kidonda kipone, au pale meno yaliyobaki yanaelekea kuondoka. Kama umekosa magego sita na unataka ukitumie miaka kumi, plastiki tupu itashuka pole pole na kuula ufizi shingoni mwa meno uliyobakiwa nayo. Hapo rahisi inakuwa ghali.

10. Na yale laini yanayopinda, yasiyo na waya?

Yanapendeza, na mtu hatayaona. Lakini kitu kinachopinda hakiwezi kubeba. Kwa pengo dogo la mbele sina ugomvi nayo. Kwa magego ya nyuma, ninayo mengi ya kusema. Pia yakivunjika ni kazi kuyatengeneza, na kuyabandika ndani ni shida.

11. Waya unaonekana nikicheka. Hauwezi kuondolewa?

Mwambie daktari kabla ya kuchukuliwa kipimo cha mwisho. Kishikio kinaweza kuhamishiwa jino la nyuma zaidi au kutokea chini, kwenye ufizi, pale mdomo usipofika. Ukiniambia siku ya kuchukua meno, nimeshachelewa.

## Kutengenezwa

12. Nitakwenda mara ngapi?

Kwa fremu ya chuma tegemea mara tano hivi, achilia mbali matibabu ya mwanzo: kipimo cha kwanza, kuchonga vikalio na kipimo cha pili, kujaribu chuma, kujaribu meno yakiwa kwenye nta, na kukabidhiwa. Kisha kuna kurudi kurekebisha panapouma, na hiyo mara moja haitoshi. Anayetoka Mpwapwa au Manyoni aseme mapema, baadhi ya hatua zinaweza kupangwa siku zilizokaribiana.

Siku ya kujaribu nta usione haya. Njoo na mwenzako au binti yako akuangalie. Nta hubadilishwa kwa dakika chache, plastiki iliyopikwa ni kazi ya kuanza upya.

13. Nimeng'olewa juzi. Nisubiri hadi lini?

Kidonda hufunga juu ndani ya wiki chache, lakini mfupa huendelea kupungua, zaidi katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo. Kwa fremu ya chuma madaktari wengi husubiri kama miezi 3. Ukihitaji kuonekana na meno kabla ya hapo, mathalani kuna harusi, tengenezewa cha plastiki cha muda na ukubali kwamba ni cha muda.

## Kuvaa na kula

14. Nitaweza kula karanga? Mua? Nyama choma?

Utaweza vingi, kwa mpangilio. Wiki ya kwanza kula vya kulainika: wali, ndizi, ugali na mlenda, ambao haujawahi kumkosea mtu yeyote mwenye meno ya kuvaa. Kata nyama vipande vidogo, tafuna pande zote mbili kwa pamoja, using'ate kwa meno ya mbele ya bandia. Mua na mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi ni maadui, kwa sababu hukitingisha kipande ubavuni, na umeshasoma swali la 3. Pukuchua mahindi, ule kiganjani.

Karanga na mbegu za zabibu zetu zina jambo lao: huingia chini ya msingi na kuuma kama kokoto kiatuni. Toka kando, vua, suuza, rudisha. Kokwa za ubuyu zinyonywe tu.

15. Nilale nayo?

Hapana. Ufizi unahitaji kupumzika na kuoshwa na mate. Anayevaa usiku na mchana hupata wekundu wa paa la kinywa unaosababishwa na fangasi, mara nyingi bila maumivu, kwa hiyo hajui. Kiweke ndani ya kikombe cha maji safi, maana plastiki ikikauka inaweza kubadilika umbo. Isipokuwa daktari amekuambia tofauti, kama kwa siku ya kwanza baada ya kung'olewa.

16. Nisafishe kwa nini?

Brashi laini, maji ya kawaida na sabuni ya maji kidogo. Dawa ya meno ya kawaida ina chembe zinazokwaruza plastiki. Usichemshe kamwe. Jaza maji kwenye beseni kwanza, au tandaza taulo, kwa sababu meno mengi yanayovunjika huvunjikia kwenye sinki.

Maji yetu ya Dodoma yana chumvi, kila mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe. Kwenye meno unatokea vilevile. Kipande cha plastiki tupu kinaweza kulowekwa nusu saa kwenye siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kisha kusuguliwa na kusuuzwa. Chenye chuma usikiloweke kwenye siki mara kwa mara, wala kwenye dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Kilete kisafishwe.

Muhimu kuliko yote: sugua meno yako ya asili, hasa ubavu unaogusana na kipande. Huko ndiko uozo unakoanzia.

17. Je, meno ya kuvaa yataua meno yangu mazuri?

Yanaweza, na hatuna haja ya kuficha. Hutokea kwa njia mbili. Utando wa chakula hunasa kwenye vishikio na vikalio, na jino linaoza au ufizi unavimba. Au kipande kinalitikisa jino kila siku hadi linalegea.

Ya kwanza ni juu yako. Ya pili ni juu yetu sote. Mfupa chini ya msingi ukipungua, nyuma panabaki na uwazi, kipande kinazama zaidi, mtaimbo unaongezeka. Ndiyo maana kila mwaka kiangaliwe. Kukiwa na uwazi, kipande hubandikwa plastiki mpya kwa ndani kifuate ufizi ulivyo sasa. Fremu ni ileile, hulipii meno mapya.

## Mambo yakienda kombo

18. Yamelegea. Nibane waya kwa koleo?

Nakuomba usibane. Chuma cha kumimina hakipendi kukunjwa mara mbili. Halafu waya uliobanwa kupita kiasi husukuma jino muda wote, hata ukiwa umekaa kimya. Na huenda waya hauna kosa, msingi ndio umeacha uwazi (swali la 17).

19. Yamevunjika. Supaglu?

Nimeletewa vipande vilivyogundishwa hivyo hadi nimezoea. Supaglu huganda kabla pande mbili hazijakutana sawasawa, na mimi siwezi kuzirudisha pamoja bila kuchonga. Leta vipande vyote, hata kidogo kama kucha, ndani ya kikombe. Vikiwa safi, mara nyingi hutengenezeka siku hiyohiyo. Anayegandisha jino la bandia moja kwa moja kwenye meno ya jirani kwa plastiki, huko mtaani, hakutengenezei meno. Anaziba njia ya mswaki na jino la jirani ndilo litakalolipa.

20. Jino nguzo limeng'olewa. Nitupe kipande?

Mara nyingi hapana. Jino la bandia na kishikio kipya vinaweza kuongezwa, hasa kama fremu ilibuniwa kwa kulifikiria hilo. Lakini mzigo sasa unahamia jino linalofuata, kwa hiyo daktari alipime kwanza.

21. Nimekimeza.

Nenda hospitali sasa hivi, usile mkate kukisukuma. Sema wazi kama ni plastiki tupu, kwa sababu plastiki haionekani kwenye eksirei na mtu anaweza kuambiwa hakuna kitu. Ukikohoa au kupumua kwa shida, ni dharura. Kipande kidogo kilicholegea kisivaliwe hata siku moja zaidi.

## Hali za pekee

22. Natoka Singida, meno yangu yana rangi ya kahawia. Yanaweza kuwa nguzo?

Rangi peke yake haizuii. Inatokana na madini ya floraidi kwenye maji uliyokunywa ukiwa mtoto, meno yakiwa bado yanaumbika, na mizizi inaweza kuwa imara kabisa. Tatizo lipo kwa walioathirika sana, ambao gamba la jino lina vishimo na hubanduka. Hapo daktari anaweza kupendekeza kofia kwanza, kisha kikalio kichongwe kwenye kofia. Ukitaka meno ya bandia yafanane na yako, sema. Tunaweza kuyatia rangi.

23. Babu yetu alitolewa meno mawili ya mbele ya chini kimila. Sasa anataka ya bandia.

Kwa wazee wa Kigogo si jambo geni. Tatizo ni kwamba baada ya miaka mingi meno ya jirani huwa yamesogea na pengo limepungua, kwa hiyo mara nyingine hutosha jino moja tu au mawili membamba. Meno ya kubebea pale ni dhaifu (swali la 6), basi kipande hurudishwa nyuma hadi kwenye magego. Mzee mmoja alivaa chake dakika tano, akacheka kwenye kioo, akakivua na kusema hakumtambua yule mtu. Alikaa na pengo lake.

24. Nina kifafa, au kisukari. Inabadilisha nini?

Kwa kifafa, vipande vidogo vinavyoweza kumezwa viepukwe. Mwambie daktari mapema. Kwa kisukari, magonjwa ya ufizi hushambulia zaidi sukari ikiwa juu, na nguzo hulegea, kwa hiyo sukari itulizwe na uangaliwe mara nyingi kuliko mwaka mara moja. Ukienda kufanyiwa upasuaji wa aina yoyote, kivue kabla ya nusukaputi na ukikabidhi kwa ndugu, ndani ya kopo lenye mfuniko. Vilivyofungwa kwenye karatasi laini hutupwa na wasafishaji.